Ubongo wa mtoto haufungwi akitimiza miaka mitatu

Swali: Mimi ni mwalimu wa chekechea, watoto wangu wana miaka mitatu hadi sita. Majuzi tulipelekwa kwenye semina ya siku moja kuhusu ubongo na ujifunzaji. Mtoa mada alituambia kwamba ubongo hukamilika mtoto akiwa na miaka mitatu na baada ya hapo mlango umefungwa. Samaki mkunje angali mbichi, alirudia mara kadhaa. Akatuagiza tuwagawe watoto kati ya wanaotumia ubongo wa kushoto na wanaotumia wa kulia, na tuwapigie muziki wa Mozart ili akili zao zikue. Nimerudi nimechanganyikiwa. Nina mtoto wa miaka mitano aliyejiunga muhula huu, maneno yake ni machache mno na hafuati maelekezo. Je, nimeshachelewa kwake? Sayansi ya ubongo ina lolote la kunisaidia kesho asubuhi darasani? Na jingine: wazazi wanataka tuondoe usingizi wa mchana ili tuongeze muda wa kusoma. Niwajibu nini?

Jibu: Mwalimu, niruhusu nianze na huyo mtoto wa miaka mitano. Hujachelewa. Ila jambo la kwanza la kumfanyia si la darasani: apimwe masikio, na macho pia. Mtoto mwenye maneno machache na asiyefuata maelekezo huitwa mtukutu au mzito, kumbe hasikii vizuri. Maambukizi ya sikio la kati yanayojirudia huacha majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, na mtoto husikia sauti zikiwa zimefifia. Hali hiyo huja na kuondoka, leo anaitika, kesho haitiki, kiasi kwamba hata mzazi anayeishi naye hagundui. Ubongo hauwezi kujifunza kutokana na sauti ambazo haujazipokea. Zungumza na mzazi wiki hii, kwa upole na bila lawama. Vyovyote majibu ya kipimo yatakavyokuwa, mengi ninayoandika hapa chini yatamhusu yeye kuliko mtoto mwingine yeyote darasani kwako.

Sasa huo mlango. Kauli ya mtoa mada ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana inatisha. Mtoto mchanga huzaliwa na ubongo wenye uzito wa karibu robo ya ubongo wa mtu mzima, na akifika miaka sita hivi umeshakaribia asilimia 90. Lakini hiyo ni hesabu ya ukubwa tu. Kazi ya kujifunza hufanyika kwenye sinapsi, yaani viunganisho ambavyo seli za neva hupitishiana taarifa, na historia ya sinapsi ni tofauti kabisa na historia ya uzito. Peter Huttenlocher, daktari wa neva wa watoto huko Chicago, alianza katika miaka ya 1970 kuhesabu sinapsi kwa hadubini ya elektroni katika ubongo wa watu waliofariki wakiwa na umri mbalimbali. Alichokuta kiliwashangaza wengi: mtoto mdogo ana sinapsi nyingi kuliko mtu mzima. Ubongo hutengeneza viunganisho kwa wingi kupita mahitaji, kisha hujipogoa. Vinavyotumika mara kwa mara huimarika, visivyotumika huondolewa.

Na upogoaji huo hauendi kwa kalenda moja. Katika sehemu za ubongo zinazoshughulikia kuona, sinapsi hufikia kilele ndani ya mwaka wa kwanza. Katika gamba la mbele, nyuma ya paji la uso, ambako mtoto hujifunza kusubiri, kupanga na kubadili wazo, kilele huchelewa na upogoaji huendelea hadi ujanani. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano anaingia darasani kwako akiwa na sehemu muhimu ya ubongo ambayo kazi yake kubwa bado haijafanyika. Mtu anayekuambia mlango umefungwa amechukua habari ya sehemu moja ya ubongo akaivika ubongo mzima.

Hofu hiyo ina asili yake. Katika miaka ya 1960 David Hubel na Torsten Wiesel walifumba jicho moja la mtoto wa paka katika majuma yake ya mwanzo. Walipolifumbua baadaye, jicho lenyewe lilikuwa zima lakini ubongo ulikuwa umeacha kulisikiliza. Jicho la paka mkubwa likifumbwa kwa muda kama huo, hakuna linaloharibika. Ugunduzi huo umewaokoa watoto wengi: ndiyo sababu mtoto anayezaliwa na mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji mapema badala ya kungojwa akue. Sauti za lugha nazo zina kipindi chake. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walionyesha kwamba watoto wa miezi sita hadi minane kutoka nyumba za Kiingereza waliweza kutofautisha konsonanti za Kihindi ambazo wazazi wao hawazitofautishi, lakini walipokaribia mwaka mmoja uwezo huo ulikuwa umefifia. Masikio yao yalikuwa yameshachagua lugha ya nyumbani.

Kuona na sauti ni mambo ambayo kila mtoto duniani hukutana nayo, na ubongo huyangojea. Kusoma, kuhesabu na kuongeza msamiati si mambo ya namna hiyo. Hayana kikomo cha miaka mitatu wala cha miaka thelathini. Stanislas Dehaene na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti uliowahusisha watu wazima wa Brazil na Ureno, wakiwemo waliojifunza kusoma ukubwani, na picha za ubongo zilionyesha kwamba kusoma kulikuwa kumewabadilisha hata wao. Hiyo methali ni ya kweli kwa kiasi kwamba kuanza mapema ni rahisi zaidi. Si ya kweli ikitumiwa kumkatia tamaa mtoto wa miaka mitano.

Kuna ushahidi mmoja mzito kuhusu kuchelewa, nao sitaki kukuficha. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza kuwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika vituo vya mayatima vya Bucharest, Romania. Walilishwa na kuogeshwa, lakini hapakuwa na mtu wa kuwazungumzisha mmoja mmoja. Kwa kura, nusu yao walipelekwa kwenye familia za walezi. Waliopata familia walipata nafuu, na waliopata kabla ya kufikisha miaka miwili hivi walipata nafuu kubwa zaidi, hasa katika lugha na akili. Somo la Bucharest linahusu kunyimwa mtu. Halisemi kwamba mtoto wa familia ya kawaida, ambaye hakuwa na vitabu wala vifaa vya kuchezea vya bei kubwa, amepotea.

Hapo ndipo ninapoona jibu la swali lako la kesho asubuhi. Ukiniuliza jambo moja tu ambalo sayansi ya ubongo inalitilia mkazo kwa watoto wadogo, nitasema ni mazungumzo ya kupokezana kati ya mtoto na mtu anayemjali. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake huko Seattle waliwaleta watoto wa miezi tisa wasikie Kichina cha Mandarin katika vipindi 12. Kundi moja lilichezewa na kusomewa na mtu aliyekuwapo chumbani. Kundi jingine liliona na kusikia mambo yaleyale kwenye televisheni. Waliokuwa na mtu walijifunza kutofautisha sauti za Mandarin. Waliotazama televisheni hawakujifunza kitu: walilingana na watoto ambao hawakuwahi kuisikia lugha hiyo. Sauti zilikuwa zile zile. Kilichokosekana ni mtu anayekutazama usoni, anayefuata macho yako, anayengoja uitikie.

Kisha mwaka 2018 Rachel Romeo, John Gabrieli na wenzao walirekodi maisha ya nyumbani ya watoto 36 wa miaka minne hadi sita, wakahesabu maneno waliyoambiwa na pia zamu za mazungumzo, yaani mtoto akisema na mkubwa akaitikia, au kinyume chake. Walipowapima kwa mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo, wakiwa wanasikiliza hadithi, watoto waliokuwa na zamu nyingi zaidi nyumbani walionyesha shughuli kubwa zaidi katika sehemu ya ubongo inayoshughulikia lugha. Idadi ya maneno waliyomwagiwa haikueleza tofauti hiyo, wala kipato cha wazazi hakikuieleza. Utafiti wa aina hii hauthibitishi peke yake kwamba zamu ndizo zilizoubadilisha ubongo, lakini ukiuweka karibu na ule wa Kuhl, mwelekeo ni mmoja.

Fikiria basi siku ya kawaida ya chekechea. Mwalimu huzungumza sana, lakini kwa kundi zima, na watoto huitikia kwa pamoja: ndiyo mwalimu, hapana mwalimu. Mtoto anaweza kukaa asubuhi nzima bila kupata hata zamu moja ya kwake. Najua una watoto wengi. Sikuombi uongee na kila mmoja kwa nusu saa. Nakuomba uzitumie zile nafasi ambazo tayari unazo: wakati wa kunawa mikono, wa kugawa chakula, wa kuvaa viatu, wa kuchora. Chagua watoto wachache kila siku, uwazunguke wote ndani ya juma, na kwa kila mmoja ufike angalau zamu tano: yeye, wewe, yeye, wewe, yeye. Kwa vile una mtoto mwenye maneno machache, yeye apate zamu zake kila siku bila kukosa.

Namna ya kuuliza ina uzito. "Hii ni rangi gani?" ni swali la mtihani, likijibiwa mazungumzo yamekufa. "Naona umeweka tope juu ya daraja, kumetokea nini?" huacha nafasi. Ukishauliza, nyamaza. Mtoto mdogo huhitaji muda mrefu kuliko tunaoweza kuuvumilia sisi wakubwa ili kulitafuta neno, kulipanga na kulitamka. Walimu wengi hujaza kimya hicho kwa kujibu wenyewe. Hesabu moyoni hadi tano kabla ya kufungua mdomo tena. Na akisema "gari anguka", usimsahihishe mbele ya wenzake; mrudishie sentensi kamili kwa furaha, "Ee, gari limeanguka! Limeangukia wapi?" Amesikia umbo sahihi, na zamu imerudi kwake.

Nije kwenye kutofuata maelekezo, jambo ambalo nadhani walimu wa watoto wadogo huteseka nalo bila sababu kwa kuwa hawakuambiwa gamba la mbele linafanyaje kazi katika umri huu. Kuna jaribio la kadi ambalo Philip Zelazo na wenzake walilieleza mwaka 1996 na limerudiwa mara nyingi tangu hapo. Mtoto anapewa kadi zenye sungura na mashua, nyekundu na bluu. Kwanza anaambiwa azipange kwa rangi: nyekundu huku, bluu kule. Anaweza. Kisha anaambiwa: sasa mchezo umebadilika, panga kwa umbo, sungura huku, mashua kule. Mtoto wa miaka mitatu huendelea kupanga kwa rangi. La kushangaza ni hili: ukimuuliza, "Katika mchezo huu wa maumbo, sungura wanakwenda wapi?" anakuonyesha mahali sahihi. Halafu ukimpa kadi, mkono wake unaipeleka palepale pa zamani. Akifika miaka minne au mitano wengi hulivuka bila shida.

Soma tena hapo, Mwalimu. Mtoto anaijua sheria, anaitamka sheria, na haifuati. Si jeuri. Kujua na kuweza kujizuia ni kazi mbili tofauti za ubongo, na ya pili hukomaa baadaye. Ni mara ngapi tumemwambia mtoto "si umesema mwenyewe kwamba haturuki kwenye madawati?" tukadhani tumemnasa katika uovu, kumbe tumemkuta tu katika umri wake? Hili lingekuwa jambo la pekee ambalo semina yenu iliwafundisha, ingetosha.

Likishaeleweka, vitendo vinabadilika vyenyewe. Agizo liwe moja kwa wakati, maana kumbukumbu inayoshika mambo wakati wa kutenda ni ndogo sana katika umri huu. "Weka kalamu, nawa mikono, chukua mkeka, kaa kwenye duara" ni maagizo manne, na la pili linalisukuma nje la kwanza. Mwambie cha kufanya badala ya asichofanye: "tembea" ni rahisi kwa ubongo wake kuliko "usikimbie", kwa sababu neno usikimbie humlazimu afikirie kukimbia kisha ajizuie. Kabla ya kubadili shughuli, toa taarifa, na tumia ishara ileile kila siku: makofi ya mdundo fulani, picha ukutani, kengele. Utaratibu wa siku usiobadilika-badilika huupunguzia ubongo mzigo wa kuamua, na nguvu inayobaki huenda kwenye kujifunza.

Na kujizuia kunafundishika. Hakufundishwi kwa mahubiri. Kunakua kwa mazoezi, na mazoezi mazuri kabisa ni michezo. Watoto wacheze ngoma ikilia na wagande ikinyamaza. Wakizoea, geuza sheria: ngoma ikinyamaza wacheze, ikilia wagande. Hapo gamba la mbele linafanya kazi ngumu huku mtoto anacheka. Mchezo wa kuigiza, ambapo mmoja ni daktari na mwingine ni mgonjwa, nao una thamani kubwa, maana aliye mgonjwa analazimika kubaki mgonjwa hata anapotamani kukishika kile kifaa cha daktari. Nikiona ratiba ya watoto wa miaka minne ambayo imeufuta mchezo huo ili kupata kipindi kingine cha kuandika, huwa nasikitika, kwa sababu uwezo wenyewe wa kukaa na kuandika ndio ulikuwa unajengwa pale.

Hofu niiguse kwa ufupi lakini bila kuzungusha maneno. Mtoto anapotishwa au kuchapwa, mwili wake humwaga homoni za mfadhaiko, ikiwemo kortisoli, na ubongo huelekeza nguvu kwenye kujihami. Atakumbuka vizuri sana siku hiyo, lakini atakachokikumbuka ni fimbo, sauti na uso wako. Herufi iliyokuwa ubaoni haitakuwamo. Mfadhaiko mdogo wa kazi ngumu akiwa na mtu anayemwamini si tatizo. Hofu ya kila siku ndiyo inayoharibu.

Kuhusu herufi, usianze na karatasi. Kabla mtoto hajaunganisha alama na sauti, lazima aweze kuzisikia sauti zenyewe ndani ya neno. Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford walionyesha mwaka 1983 kwamba watoto wa miaka minne na mitano waliosikia vizuri vina na sauti zinazofanana za maneno ndio waliokuja kusoma vizuri zaidi miaka michache baadaye, na kwamba kuwafunza usikivu huo, hasa pamoja na herufi, kuliwasaidia. Kwa Kiswahili tuna bahati: silabi zetu ziko wazi na mtoto huzipata kwa makofi upesi. Ka-la-mu, makofi matatu. Ondoa ka, inabaki nini? Dakika tano kila siku za mchezo huo ni kazi ya kusoma, ingawa hakuna daftari lililofunguliwa.

Wakianza kuandika, utaona wengi wanageuza herufi, b inakuwa d, S inatazama upande mwingine, na jina zima linaandikwa kutoka kulia. Usiogope na usikimbilie kusema ni ugonjwa wa kusoma. Dehaene amelieleza jambo hili vizuri: hakuna sehemu ya ubongo iliyozaliwa kwa ajili ya kusoma. Ubongo huazima eneo la upande wa kushoto, chini kuelekea nyuma, ambalo kazi yake ya asili ni kutambua vitu na nyuso, na kwa kazi hiyo kugeuka kushoto au kulia hakubadilishi kitu. Kikombe ni kikombe mpini ukiwa upande wowote. Herufi ndizo vitu vya kwanza katika maisha ya mtoto vinavyobadilika jina kwa kugeuzwa tu. Anahitaji muda kulisahau alilolijua vizuri. Ikiwa bado anageuza herufi nyingi akiwa na miaka minane, hapo tafuta msaada.

Na waandike kwa mkono. Karin James na Laura Engelhardt waliwafundisha watoto wa miaka mitano hivi, ambao hawajajua kusoma, herufi kwa njia tatu: kuziandika wenyewe bila kielelezo cha kufuatisha, kufuatisha nukta, na kuzibonyeza kwenye kibodi. Kisha wakazitazama bongo zao zinapoona herufi. Mtandao wa kusoma uliamka kwa herufi zilizoandikwa kwa mkono huru, hata kama umbo lilikuwa limepinda. Tafsiri ya kawaida ni kwamba umbo lililopinda ndilo lenye faida: mtoto anaona A ishirini zisizofanana na ubongo unajifunza kipi hasa kinachoifanya A kuwa A. Kwa hiyo kijiti na mchanga vinatosha, na vitabu vya nukta visichukue muda wote.

Hesabu ina mfano mmoja ninaoupenda. Mwaka 2008 Geetha Ramani na Robert Siegler waliwachezesha watoto wa chekechea wa familia zenye kipato cha chini mchezo wa ubao wenye vyumba vilivyopangwa mstari mmoja, 1 hadi 10. Kila kete ikisogea mtoto hutaja namba ya chumba. Jumla ya muda ilikuwa kama saa moja, imegawanywa katika majuma mawili. Uelewa wao wa namba ulipanda, na majuma kadhaa baadaye ulikuwa bado upo. Waliocheza ubao wa rangi bila namba hawakupanda. Unaweza kuuchora sakafuni kwa chaki.

Nimalize habari za semina. Ubongo wa kushoto na wa kulia: hadithi hii ilitokana na kazi ya Roger Sperry kwa wagonjwa wa kifafa kikali ambao daraja la nyuzi linalounganisha pande mbili za ubongo lilikuwa limekatwa ili kuwatibu. Ajabu ni kwamba Sperry, Hubel na Wiesel waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka mmoja, 1981. Tuzo moja, na kutoka kwake zimetoka dhana mbili potofu mlizopewa siku moja. Watoto wako wana daraja zima. Ni kweli kwamba lugha huegemea zaidi kushoto kwa watu wengi, lakini kila kazi ya darasani hutumia pande zote, na uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Utah wa mwaka 2013, kwa picha za ubongo wa watu zaidi ya 1,000, haukupata watu wa kushoto wala watu wa kulia. Usiwagawe. Kumwambia mtoto wa miaka minne kwamba yeye si wa hesabu ni kumnyima mazoezi ya hesabu.

Mozart naye hana kosa. Utafiti wa mwaka 1993 ulihusu wanafunzi wa chuo kikuu; walisikiliza dakika kumi, wakafanya vizuri kidogo katika mafumbo ya maumbo, na athari ikaisha kwa muda wa robo saa hivi. Hakukuwa na mtoto mchanga hata mmoja. Imbeni nyimbo zenu, zina maneno, vina na zamu. Na kama walikugusia kwamba mtoto mmoja hujifunza kwa macho tu na mwingine kwa masikio tu, usilitie moyoni. Mapitio ya Harold Pashler na wenzake ya mwaka 2008 hayakukuta ushahidi wa kutosha kwamba kufundisha kwa kufuata mitindo hiyo huongeza matokeo. Kila mtoto anafaidika akiona, akisikia na akishika. Sikulaumu kwa kuyaamini: mwaka 2012 Sanne Dekker na wenzake waliwauliza walimu wa Uingereza na Uholanzi, na zaidi ya asilimia 90 waliliamini hilo la mitindo.

Sasa wazazi na usingizi wa mchana. Waambie hivi. Kile mtoto alichojifunza asubuhi hakijawa imara bado. Kinakaa kwa muda katika hipokampasi, sehemu ya kina ya ubongo, na wakati wa usingizi ubongo hukirudia na kukihamishia kwenye hifadhi ya kudumu. Rebecca Spencer na wenzake walichapisha mwaka 2013 jaribio walilolifanya kwenye shule za awali. Asubuhi watoto walijifunza mahali picha zilipowekwa kwenye gridi. Siku moja walilala mchana, siku nyingine walizuiwa wasilale. Siku waliyolala walikumbuka vizuri zaidi, na siku ambayo hawakulala walisahau sehemu ya walichojifunza, tena usingizi wa usiku haukuirudisha. Faida ilikuwa kubwa kwa wale waliozoea kulala mchana. Kwa hiyo saa mnayotaka kuiongeza mtailipa kwa saa ya asubuhi iliyopotea.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka watoto wa miaka mitatu na minne walale saa 10 hadi 13 kwa siku nzima, usingizi wa mchana ukiwemo. Waombe wazazi wakuandikie mtoto analala saa ngapi usiku na kuamka saa ngapi. Ukijumlisha pamoja nao, wengi wataona wenyewe upungufu uko wapi. Karibu na miaka mitano baadhi ya watoto huacha kuhitaji usingizi wa mchana, na kuwalazimisha walale ni kuwatesa na kujitesa. Hao wape kona tulivu yenye vitabu vya picha na karatasi za kuchorea, wakae kimya wenzao wakilala. Wanaolala waamshwe baada ya saa moja au moja na nusu ili usiku usiharibike, na somo la mchana lianze kwa kuwauliza watoto walichojifunza asubuhi kabla hujawakumbusha wewe.